Ushirika wa nyumba za wazee hapa Jinja, Uganda: maswali ambayo majirani hawaachi kutuuliza

Tangu habari ienee kwamba kuna watu wanataka kuanzisha ushirika wa nyumba za wazee huku upande wa Walukuba na Masese, hatupumui. Unaulizwa msikitini, unaulizwa sokoni, boda anakuuliza akiwa amegeuza kichwa nyuma na lori linakuja mbele. Mengine ni maswali ya maana sana na mengine ni uvumi tu, ila yote tumeyakusanya, sisi wa kamati ya muda, na hapa nayajibu kama tunavyoongea mtaani, sio Kiswahili cha ofisi.

Kwani hiki kitu ni nini hasa? Nyumba za kupanga ama za kununua?

Sio hii wala sio ile, ndo maana watu wanachanganyikiwa. Ukipanga, nyumba ni ya lendilodi, siku akiamka vibaya anapandisha kodi ama anakwambia mwanangu anarudi kutoka Kampala nataka vyumba vyangu. Ukinunua nyumba na hati yako ni yako peke yako, na paa likivuja ni shida yako peke yako pia. Ushirika uko hivi: chama chenyewe ndo kinamiliki ploti na jengo, na chama ni nyinyi memba. Unanunua shea, hiyo shea inakupa haki ya kukaa kwenye nyumba moja ilimradi unatoa mchango wa kila mwezi na unafuata masharti mliyoyapitisha wenyewe kwenye mkutano. Kila memba ana kura moja. Aliyestaafu na pensheni nono kura moja, jaja, yaani bibi, anayekaanga mandazi kura moja.

Usichanganye na kondominiamu. Ile ina sheria yake ya 2001, kila mtu anapata hati ya kipande chake cha jengo na anaweza kukiuza kesho asubuhi kwa yeyote anayemtaka. Huku huuzi kwa yeyote, tutafika hapo.

Wazee kujiunga wakawa na ushirika wa nyumba sio kitu tulichokiota usiku. Marekani, jimbo la Minnesota, wanafanya hivyo tangu miaka ya 1970 na nyumba zipo mpaka leo. Ila wao wana benki zinazokopesha ushirika kwa miaka mingi na riba ndogo, sisi hatuna, kwa hiyo hatuwezi kubeba mpango wao mzima mzima tukauleta Jinja. Mfano wa karibu tunao hapa hapa Masese, kina mama walioanza mradi wao wa nyumba 1989 kwa msaada wa Denmark. Ukitaka kujua kujenga kwa pamoja kuna utamu gani na kuna magomvi gani usiniulize mimi, nenda kaongee na wale mama.

Si mnataka tu mahali pa kutupa wazee?

Hapana. Na ukweli ni kwamba wazo lilitoka kwa wazee wenyewe, sisi vijana wa miaka hamsini tunabeba makaratasi tu.

Hii sio hosteli wala sio nyumba ya kulelea. Memba anaomba mwenyewe, anasaini mwenyewe, anakuja mkutanoni mwenyewe na kugombana na mweka hazina mwenyewe. Mzee anayeletwa na mwanae na begi, yeye hata hajaambiwa anaenda wapi, huyo hatumpokei, na tumeandika hivyo kwenye rasimu ya masharti. Mtoto kusaidia kulipa shea ya mamake ni sawa kabisa, lakini kura inabaki ya mama.

Halafu kitu kimoja kinanishangaza. Mtaani sasa hivi kuna wazee wa miaka sabini na zaidi wanakaa kwenye mizigo, vile vijumba vya kupanga vya chumba kimoja, choo cha kuchangia na nyumba sita, kodi ikichelewa wiki moja mlango unapigwa kufuli na sufuria ziko ndani. Hilo hakuna anayeliita kuwatupa. Wakisema wajenge pamoja ndo tunakumbuka mila.

Kwa nini wasirudi kijijini kwao?

Kijiji gani? Naomba mnisamehe hapa nitaongea kirefu kwa sababu hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni matawi.

Jinja ni mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme ukapatikana, viwanda vikafuata: Nytil ya nguo, kiwanda cha kuyeyushia shaba iliyokuwa ikiletwa kwa reli kutoka Kilembe, chuma, na Kakira ya sukari ilikuwepo tayari. Watu walikuja kutoka Busoga yenyewe, West Nile, Teso, Bukedi, wakaja Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, wakaja kutoka Kongo na Rwanda, na Wanubi walikuwepo kitambo. Unadhani Kiswahili cha mtaa huu kilitoka wapi? Watu kumi kwenye mashine moja, makabila saba, lazima muelewane.

Kijana aliyekuja na miaka ishirini mwaka 1965 leo amepita themanini. Alivyopiga hesabu yake ilikuwa rahisi, nafanya kazi, natuma hela nyumbani, nikizeeka narudi. Ikaja 1972 Wahindi wakafukuzwa, viwanda vikaanza kuyumba kimoja kimoja, shaba ya Kilembe ikasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na NSSF, mfuko wa akiba za uzeeni za wafanyakazi, kama tunavyoijua leo ilikuja na sheria ya 1985. Yaani wengi walitoka kazini na barua na mkono wa kwaheri. Hela ya kutuma nyumbani ilikatika, na kule kijijini ukiacha kutuma hela miaka thelathini kaka zako hawakai kukungoja, wanagawana shamba na watoto wao wanajenga. Ukirudi unaonyeshwa kona karibu na makaburi, nayo inabidi uilipie mbuzi.

Kwa mwanamke ni mbaya zaidi. Mjane anaambiwa na ukoo wa mume kwamba hapa ulikuja na mtu na mtu hayupo, anaenda kwa baba yake anaambiwa wewe ulishaolewa. Sasa huyo unamwambia arudi wapi?

Na hata mwenye kijiji na shamba lipo, dawa zake za presha anachukua Jinja, hospitali kubwa ya rufaa iko hapa, rafiki zake wako hapa, wenzake wa swala na wa kwaya wako hapa, watoto wake wamezikwa hapa. Anayetaka kurudi arudi kwa baraka zote. Tunachokataa ni mtu mwingine kumpangia.

Umri ni miaka mingapi? Na mke wangu mdogo je?

60, kwa sababu serikali ya Uganda yenyewe inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia 60. Kwenye kila nyumba lazima angalau mtu mmoja awe amefika, mwenzake anaweza kuwa na 45 hatujali.

Shida ni Ndaga Muntu, kitambulisho cha taifa. Kuna wazee kibao ambao tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho imeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka, mzee ameona bwawa likijengwa lakini kitambulisho kinasema ana 58. Nenda NIRA, wale wanaotoa vitambulisho, ukarekebishe mapema, usingoje siku ya kujiandikisha, na sio kwa ajili yetu tu, hata ile hela ya wazee ya serikali unaikosa kwa ajili ya tarehe hiyo hiyo.

Wajukuu wanaruhusiwa kukaa?

Hapa kamati haijaelewana, nasema ukweli. Wapo wanaotaka utulivu, wanasema tumelea watoto miaka hamsini tuacheni tupumzike. Wapo, na mimi ni mmoja wao, wanaosema huwezi kutunga sheria ya Uganda ukajifanya huoni kwamba bibi ndo anayelea. Nusu ya wamama waliokuja mkutano wa kwanza walikuja wameshika mtoto mkono. Rasimu inasema wajukuu ruksa kulingana na idadi ya vyumba ulivyonavyo, ila mjukuu hapati haki ya nyumba kwa sababu tu amekaa pale. Itapigiwa kura.

Mimi nina asili ya Kenya, ama Kongo, mnanipokea?

Kama una uraia wa Uganda, asili yako sio kazi yetu. Wanubi wanaouliza hili, nyinyi mko kwenye orodha ya makabila ya katiba ya 1995, msikubali mtu awatishe.

Kama huna uraia bado unaweza kuwa memba, ila chama lazima kiangalie hesabu. Sheria ya ardhi inasema asiye raia anaweza kupata lizi tu, yaani kukodi ardhi kwa muda, isiyozidi miaka 99, hapati friholdi wala mailo, zile za kumiliki ardhi bila mwisho. Na shirika ambalo wenye nguvu ndani yake sio raia linahesabiwa sio raia vile vile. Ploti tunayoilenga ni ya lizi kwa hiyo mlango haujafungwa, lakini ili tusijiletee kesi mbeleni rasimu inataka raia wawe wengi muda wote. Sio ubaguzi, ni kulinda hati.

Haya, pesa. Ni kiasi gani?

Mtu akikupa bei leo anakudanganya, kimbia. Bei inatoka baada ya saveya, yule mpima ardhi, baada ya injinia, baada ya mtu wa hesabu za ujenzi kukaa na ramani. Ninachoweza kukwambia ni jinsi itakavyopatikana. Unachukua gharama ya ploti, kujenga, maji, umeme na makaratasi yote, unatoa sehemu itakayokopwa, kinachobaki mnagawana kulingana na ukubwa wa nyumba, hiyo ndo shea yako. Mkopo unalipwa pole pole kwenye mchango wa kila mwezi pamoja na askari wa geti, usafi, taa za nje na akiba ya matengenezo.

Hiyo akiba ya matengenezo watu wanapenda kuikata ili mchango uonekane mdogo. Tukiikata, miaka kumi baadaye paa limeoza na wenye paa wana miaka themanini. Mimi hapo nitakuwa mbishi sana.

Hela zitatoka wapi, wazee hawana kitu?

Sio kweli kwamba wote hawana. Aliyekuwa na NSSF anachukua zake akifika 55, na tangu marekebisho ya 2022 aliyefika 45 na amechangia miaka kumi anaweza kutoa mpaka asilimia 20 kabla ya muda. Sasa wewe wa miaka 47 unayesoma hapa ukidhani ni mambo ya wazee, hiyo asilimia 20 wenzako wengi wamenunulia gari kuukuu na gari limeshakufa. Walimu, manesi na polisi waliostaafu wana pensheni ya serikali. Wengine wana kibanja ama kajumba wanakotaka kuuza.

Ile hela ya wazee ya kila mwezi, shilingi 25,000, tusidanganyane. Ilipoenezwa nchi nzima 2020 iliwekwa kwa waliofika miaka 80, na ni hela ya sukari, sabuni na nauli ya kwenda kuifuata. Haijengi nyumba. Inaweza kusaidia kidogo kwenye mchango wa mwezi, basi.

PDM, ile hela ya serikali inayopitia parishi? Hapana. Ile ni ya uzalishaji, kuku, nguruwe, kahawa, sio ya kununua shea ya nyumba. Atakayekwambia chukua milioni ya PDM uje uweke kwetu, jina lake tuletee.

Kwa wasio na uwezo kabisa tunafikiria nyumba chache za kupangisha kwa bei ya chini ndani ya ushirika, na watoto wanaoishi nje kulipia wazazi kidogo kidogo. Haitoshi kwa wote. Wako watakaobaki nje na inauma.

Sisi Waislamu mkopo wenye riba tunafanyaje?

Swali zuri na nimefurahi liliulizwa na Hajati mwenyewe tena mbele ya watu. Tangu sheria ya benki irekebishwe 2016 benki ya Kiislamu inaruhusiwa Uganda, na Salaam Bank ilipata leseni ya kwanza 2023. Kuna njia kama ile ya benki kununua kitu halafu inakuuzia kwa faida inayojulikana toka mwanzo, ama kumiliki pamoja na wewe unainunua sehemu yake kidogo kidogo. Tunataka kuomba ofa pande zote, ya kawaida na ya Kiislamu, tuziweke mezani pamoja. Tukikuta ya Kiislamu ni ghali kidogo je, asiye Muislamu atakubali kulipia zaidi? Sijui, mtapiga kura. Namna ya kuepuka kabisa ni kujenga kwa awamu bila mkopo, block moja ikikaa watu inasaidia ya pili, ila mzee wa 78 usimwambie awamu ya tatu.

Ushirika si ndo ule ulioanguka? Hela zetu za zamani ziko wapi?

Najua maumivu haya, kwetu pia yapo. Ushirika Uganda ni wa zamani, wakulima wa Singo walianza 1913 wakijaribu kukwepa madalali, na ukafika mahali pamba na kahawa yote inapita kwenye vyama. Baadaye vita, wizi, siasa, madeni, soko likafunguliwa na vyama havikuwa tayari. Cooperative Bank yenyewe ilifungwa na Benki Kuu 1999. Mzee aliyekuwa na kitabu cha chama mkononi na ofisi imefungwa hawezi kukuamini kwa sababu umevaa tai.

Kwa hiyo hatuombi kuaminiwa, tunaomba kuchunguzwa. Kabla ya kusajiliwa hatupokei hela ya shea, hata shilingi. Usajili unafanywa na msajili wa vyama vya ushirika, sheria inataka memba wasiopungua 30, na chama kipya kinaanza kwa usajili wa majaribio kabla ya ule wa kudumu. Kikishasajiliwa kinakuwa na uso wake kisheria, kinaweza kushtaki na kushtakiwa, hati inaandikwa jina la chama na sio la mwenyekiti wala la mchungaji wala la imamu. Hesabu zinakaguliwa kila mwaka na ripoti inasomwa mkutano mkuu.

Tena tumeongeza zetu. Sahihi tatu benki na mmoja wa hao watatu ni mwanamke asiye kwenye kamati. Malipo yote benki ama kwa simu kwenye namba ya chama, hakuna kumpa mtu keshi njiani eti nitakuletea risiti. Taarifa ya benki inabandikwa kila mwezi ukutani, iliyochapwa kwa herufi kubwa, kwa sababu nimeona vyama vinabandika karatasi ambayo hata mwenye miwani anaikata tamaa. Ukisikia mtu anauza fomu ya ushirika huu sasa hivi, ni mwizi.

Nikifa nyumba inaenda kwa nani?

Hapa ndo watu wanapandwa na hasira, kaa chini nikueleze.

Unachoacha ni shea, sio nyumba. Sheria ya vyama vya ushirika inakuruhusu kumtaja mtu atakayepokea haki yako, unamwandika kwenye fomu na unaweza kumbadilisha ukigombana naye. Kama mume na mke walikuwa wanakaa wote, anayebaki anabaki, hakuna wa kuja na lori siku ya arobaini. Hilo sio ukarimu wetu, hata marekebisho ya sheria ya mirathi ya 2022 yanamlinda mume ama mke aliyebaki kwenye nyumba waliyoishi.

Watoto je? Watoto wanapata thamani ya shea, hela. Kijana wa miaka 30 hahamii kwa sababu baba amekufa, angehamia kila kijana baada ya miaka kumi hakuna nyumba za wazee tena, kuna mizigo ya kawaida yenye jina zuri. Ushirika unamtafuta mzee mwingine aliyeko kwenye foleni, anaweka shea yake, hela zinaenda kwa mliyemtaja.

Thamani inahesabiwaje, hapo kuna mvutano. Tukiacha shea ipande kama bei za ploti za Jinja, atakayekuja baadaye atakuwa ni tajiri tu. Tukiifunga kabisa, hela ya marehemu inaliwa na kupanda kwa bei za vitu na watoto wataona wameibiwa. Pendekezo ni ipande kidogo kila mwaka kwa kiwango mtakachokipitisha, kisibadilishwe bila theluthi mbili ya memba. Kama unaitaka nyumba ikutajirishe, mwaminifu nikwambie, huu sio mradi wako, nunua ploti Bugembe.

Nataka kuuza kajumba kangu nije huko, niuze?

Usiuze bado! Hatujasajiliwa, ukiuza leo utalala wapi?

Wakati ukifika, kumbuka kama ni nyumba ya familia sheria ya ardhi inataka mwenzako akubali kwa maandishi. Mzee akiuza kimya kimya na hela akaleta kwetu, mama akienda mahakamani mauzo yanavunjwa na sisi tunabaki na kesi. Tutaomba karatasi ya mume ama mke kwa kila anayetuambia hela imetoka kwenye kuuza nyumba, msione tunawadharau.

Mimi ni jirani tu, sina mzee wala sina hamu. Kwangu kunabadilika nini?

Wewe ndo wa muhimu kwenye orodha hii, na una haki ya kutusumbua.

Magari: wazee wengi hawana gari, ila Jumapili na Idi watoto watakuja na barabara ni nyembamba. Ramani ina maegesho ndani, sio ukingoni mwa barabara. Maji: presha huku jioni inashuka, mnajua, kwa hiyo jengo litakuwa na matanki yake na linavuna maji ya paa, na NWSC, shirika la maji, wataulizwa kabla sio baada. Choo ndo kizito. Kuna mtaro wa maji taka unaoenda mabwawa ya Kirinya, lakini sio kila ploti imefikiwa. Tukifikiwa tunaunganisha. Tusipofikiwa ni septiki tanki kubwa ya kunyonywa na gari, na hapo majirani wa bondeni msikubali kusaini chochote mpaka muone ramani ya tanki iko upande gani. Mvua ya Aprili haina adabu.

Kiwanja cha mpira cha watoto hakiguswi. Sijui nani alianzisha uvumi huo.

Mnajenga karibu na ziwa?

Ndani ya mita 200 kutoka ufukwe wa Victoria ni eneo la hifadhi, hujengi hivi hivi. Ploti tunayoilenga iko nje ya hapo, ila tunataka saveya apime na barua ya NEMA, mamlaka ya mazingira, iwepo kwenye faili. Watu wamejenga kwa maneno ya ndio ndio kaka hakuna shida, baadaye greda linakuja.

Ghorofa ngapi? Mzee atapanda ngazi?

Juu ya ghorofa moja unahitaji lifti, na lifti na umeme wetu huu, mzee amekwama katikati anapiga kelele na Yaka, umeme wa kulipia kabla, imeisha. Kwa hiyo ni chini na ghorofa moja, chini kwa wenye magoti mabovu na viti vya magurudumu, rampu sio ngazi, milango mipana, vyoo vya kukaa na vishikio ukutani, hakuna kile kizingiti cha mlangoni ambacho kimevunja nyonga za bibi zetu. Hii ya watu wenye ulemavu imo pia kwenye sheria ya 2020. Jikoni kuwe na mahali pa sigiri penye hewa, kwa sababu bei ya gesi ikipanda hakuna mzee atakayekusikiliza habari za moshi.

Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, ameshasaini, kwa hiyo imepita?

Haijapita. Barua ya LC1 inasema tu anatujua na hakuna ugomvi wa ploti anaoufahamu. Ruhusa ya kujenga inatoka jijini, kuna kamati ya mipango miji na kuna kamati ya majengo chini ya sheria ya 2013, na ikihitajika kubadilisha matumizi ya ardhi inatangazwa ili majirani waweze kupinga. Ukitaka kupinga andika barua, taja sababu, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Kulalamika kwenye kinyozi haiingii kwenye faili.

Lizi nayo kwa kawaida mnapewa miaka mitano ya kwanza mjenge, mkijenga ndo inaongezwa kufika 49 au zaidi. Mkikaa mnagombana miaka mitano ploti inarudi. Mimi hiyo naiogopa kuliko wanasiasa.

Nina mizigo ya kupangisha, mtaniua biashara?

Nyumba chache za wazee haziui biashara ya mtu. Wapangaji wako ni wanafunzi na vijana wa kazi. Ukimkosa mzee mmoja aliyekuwa analipa kwa shida si utapumua?

Mzee akiugua nani anamhudumia?

Familia yake, na majirani zake kama ilivyo leo. Ushirika sio zahanati na tukijifanya zahanati tutafilisika. Tunachoweza ni namba za dharura kwenye kila mlango, boda wa kuaminika waliojiandikisha, chumba kimoja ambacho nesi anaweza kuja kupima presha na sukari, na utaratibu wa kubisha hodi kila asubuhi, kila mtu na jirani yake. Mzee akifika hali ya kuhitaji mtu usiku na mchana lazima familia ikae chini na sisi, na anaweza kuleta msaidizi akalala naye. Kumfukuza mtu kwa sababu ameugua hakumo kwenye masharti na mimi sitasaini kikiwekwa.

Kuna mwanasiasa nyuma yenu?

Wamekuja. Wametaka kuleta mahema na fulana. Tumewaambia waje wasikilize wakae nyuma. Wawakilishi wa wazee kwenye halmashauri, hao ni haki wawepo, tuliwaalika sisi.

Kuku wangu nitakuja nao?

Kuku watatu, wa nyuma ya nyumba, na banda lisafishwe. Jogoo hapana. Imepigiwa kura tayari, ndo kitu pekee ambacho mpaka sasa kimepita kwa sauti moja, isipokuwa mzee mmoja mwenye jogoo.